Pawa saplai ya sintesaiza ya modula ya kujitengenezea: nitumie ya desktopu au nitafute nyingine?

nobu_na_nyaya (Morogoro)

Habari zenu wakuu, heshima kwenu. Nimekwama sehemu, naomba msaada. Tangu mwaka jana natengeneza sintesaiza ya modula (ala ya muziki ya umeme inayoungwa kwa vipande) kwa mkono wangu, saizi ya Eurorack, ule mfumo maarufu wa moduli, moduli moja moja kila nikipata hela ya vifaa. Mpaka sasa nina osileta mbili (zinazotoa noti), filta, VCA mbili (za kuongoza ukubwa wa sauti), envelopu moja (ya kuumba noti inavyoanza na kuisha), LFO (osileta ya polepole ya kutikisa nyingine) na mikisa ya njia nne, zote kwenye veroboard, ubao wa matundu wenye njia za shaba, na michoro mingi nimefuata video za Moritz Klein, yule jamaa anaelekeza vizuri mno hata kwa mtu kama mimi ambaye sikusomea umeme. Muda wote huu nimekuwa nazipima moja moja kwa betri mbili za volti 9, zinalia vizuri tu. Sasa nataka kuziweka zote kwenye boksi moja niweze kupiga nazo, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Nyumbani nina pawa saplai ya desktopu ya zamani, kwenye lebo imeandikwa wati 450, nikaona ina +12, ina -12 na ina +5, yaani vilevile kama basi ya Eurorack (njia ya pamoja inayogawa umeme kwa moduli zote) inavyotaka, nikasema basi nimeokoa hela. Nikaunganisha waya wa kijani na mweusi ikawaka. Osileta moja na filta zikalia, ila nyuma ya sauti kuna kelele nyembamba kama mbu sikioni, haiishi hata nikifunga volyumu ya osileta. Nikaongeza moduli nyingine, sasa osileta zinacheza zenyewe, noti inapanda na kushuka bila mimi kugusa kitu, na LFO ikiwaka taa yake ndo noti inaruka kabisa. Multimita inasema upande wa hasi ni 11.2 na unatikisika.

Halafu kitu kingine, umeme wa mtaani kwetu jioni unashuka sana, juzi saa moja usiku nimepima soketi nikakuta volti 185. Je niirekebishe hii ya desktopu, au ninunue transfoma, au kuna njia nyingine? Na nahitaji ampea ngapi hasa? Nimeona watu wanataja 3, wengine 5, nashindwa kuelewa.

Fundi_Gerezani

Mkuu hongera kwa kazi, osileta mbili kwenye veroboard si mchezo.

Kwanza angalia tena lebo ya hiyo saplai, usiangalie wati 450, angalia mstari wa -12. Utakuta 0.3A au 0.5A, ukibahatika 0.8A. Kompyuta siku hizi karibu haitumii -12 kwa kitu chochote, imebaki tu kwa mazoea ya zamani, kwa hiyo mtengenezaji haipi uzito. Kanuni ya ATX yenyewe, ile ya saplai za desktopu, inaruhusu -12 iyumbe asilimia 10 juu na chini, wakati +12 inaruhusiwa asilimia 5. Maana yake hiyo 11.2 unayoisoma kwa mujibu wa kanuni ni nzima kabisa! Kompyuta haijali, ila osileta yako inajali sana.

Na hapa ndo pa kuelewa. Sintesaiza yako inatumia volti moja kwa oktava. Oktava ina nusu-toni 12, kwa hiyo nusu-toni moja ni kama milivolti 83 tu. Umeme wa kwenye mchoro ukitikisika milivolti 10 na sehemu ya mtikisiko ikaingia kwenye njia ya noti, sikio linasikia, hasa ukiwa na osileta mbili zinazolia pamoja kwa sababu zinaanza kupigana, yaani sauti inavimba na kusinyaa. LFO ikiwasha LED inavuta miliampea kadhaa ghafla, hasi inashuka kidogo, noti inaruka. Osileta ulizitengeneza sawasawa, zinakuambia tu kwamba umeme wake haujatulia.

Kitu cha pili kinachonitisha zaidi ya kelele: upande wa +12 wa hiyo saplai unaweza kutoa ampea 15 na zaidi. Waya bapa wa moduli ni mwembamba kama uzi. Ikitokea shoti kwenye moduli, saplai haiko haraka kuzima, yenyewe inaona ni mzigo wa kawaida tu, waya unawaka moto kwanza. Nimewahi kuletewa boksi la namna hiyo, plastiki ya waya imeyeyuka na kushikana na mbao. Kama ni lazima uitumie basi weka fyuzi ya ampea 1 kila upande kabla ya basi, lakini ushauri wangu ni uiache.

mzee_wa_transfoma (Tanga)

Vijana mnapenda kukimbilia vitu vya kuswichi, saplai zinazokatakata umeme kwa kasi. Nimetengeneza amplifaya za bendi na za misikiti tangu enzi za mkanda, na jibu langu ni moja: transfoma yenye katikati, 15-0-15, ampea 1 au 2, daraja la dayodi, kapasita kubwa mbili, kisha chipu za kutuliza volti, 7812 kwa chanya na 7912 kwa hasi. Basi. Hakuna kelele ya mbu hapo.

Mambo ya kuangalia: miguu ya 7912 haifanani na ya 7812. Ya 7812 ukiitazama maandishi yakikuelekea ni ingizo, graundi, toleo. Ya 7912 ni graundi, ingizo, toleo. Wengi wanaunguza hapo. Na kile kipande cha chuma cha nyuma, kwenye 7812 ni graundi lakini kwenye 7912 ni ingizo, yaani volti hasi ambazo hazijatulizwa. Ukizifunga zote mbili kwenye bati moja la kupozea bila kuweka maika (kipande chembamba cha kuzuia umeme) na kishikizo cha plastiki kwenye skrubu, umepiga shoti siku ya kwanza. Kapasita weka 4700 maikrofaradi, volti 35, kila upande. Fyuzi upande wa umeme mkubwa, swichi, na boksi la chuma likiwa na waya wa ethi.

nobu_na_nyaya

Shikamoo mzee wangu, nashukuru sana. Fundi Gerezani nimeenda kuangalia lebo, kweli -12 ni 0.3A. Sikuwahi kuuangalia ule mstari.

Mzee, je hiyo transfoma itavumilia ule umeme wa jioni wa 185?

Wambo_254 (Nairobi)

Wacha nijibu hiyo kwa hesabu juu mimi nilichomwa na hii kitu. Nilijenga saplai ya transfoma kama hiyo ya mzee, ikakuwa safi kabisa mchana, ikifika jioni watu wakiwasha vyombo inaanza kunguruma, nikadhani ni graundi, nikahangaika na waya wiki mbili, kumbe ni stima.

Angalia. Transfoma ya 15 inapewa 230. Ukipata 185 peke yake, inatoa 15 mara 185 gawanya kwa 230, yaani kama 12.1. Zidisha kwa 1.41 upate kilele, ni 17. Dayodi zinakula karibu volti 1 hadi 2, sema umebaki na 15.5. Sasa kapasita ya 4700 ikibeba ampea 1, kati ya kilele kimoja na kingine inashuka karibu volti 2, juu umeme wa 50Hz ukipita kwa daraja unakuwa mapigo 100 kwa sekunde, na 1 gawanya kwa 100 mara 0.0047 ni 2.1. Kwa hivyo chini kabisa unafika 13.4. Na 7812 inataka angalau volti 2 juu ya 12 ndio ifanye kazi, yaani 14. Umekosa. Hapo ndio ngurumo inapita moja kwa moja hadi kwa sauti.

Lakini zingatia hiyo ni kwa ampea 1. Ukivuta 0.3 peke yake kapasita inashuka volti 0.6 tu, unabaki na kama 14.9, uko sawa. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote jua kwanza unavuta ngapi. Mtu anaweza pia kupanda hadi transfoma ya 18-0-18, lakini basi mchana stima ikiwa 240 joto linakuwa jingi na bati la kupozea lazima liwe kubwa.

mzee_wa_transfoma

Hesabu yako ni sahihi kijana wa Nairobi. Huku Tanga naweka stabilaiza nje, ndiyo maana sikuwaza hilo. Kwa mtu asiye na stabilaiza hoja yako ni ya kweli.

asha_wa_munich

Habari za saa hizi. Mimi naishi Munich, na kile kiwanda cha Doepfer kilicholeta huu mfumo wa Eurorack miaka ya tisini kiko Gräfelfing, hapa hapa jirani, kwa hiyo hizi habari nazipenda sana na nimefurahi mno kuona uzi wa Kiswahili kuhusu hili.

Kaka nobu, umeuliza ampea ngapi na hujajibiwa bado. Chukua kalamu. Opampu ya TL072, chipu ya kukuza mawimbi iliyo kwenye moduli nyingi, inavuta kama miliampea 3 ikiwa imetulia, iwekee 5 kwa usalama. LED moja weka 5 mpaka 10. Moduli ya kujitengenezea yenye opampu mbili tatu na taa moja inakuwa kama 15 mpaka 30. Ulizotaja ni nane, hata ukizipa 30 kila moja ni miliampea 240 kila upande. Ongeza nusu yake kwa ajili ya moduli za kesho, unapata kama 360. Wale wanaotaja ampea 3 na 5 wana masanduku ya moduli za dijitali zenye skrini, zile zinakula sana upande wa chanya. Wewe huzihitaji. Wala +5 huihitaji, moduli za analogi kama zako hazitumii kabisa, njia yake kwenye basi iache wazi.

Njia bora ni kupima kweli. Weka multimita kwenye miliampea, iunganishe kwa mfululizo na waya wa chanya, soma, halafu hasi, andika kwenye karatasi kwa kila moduli. Mimi nimebandika stika nyuma ya kila moduli.

Sasa kwa mtu mwenye miliampea 400 na umeme unaocheza, mimi nisingejenga kitu cha 230 ndani ya boksi hata kidogo. Nasema hivyo kwa kuwa umesema mwenyewe hukusomea umeme, na boksi la mbao lenye umeme mkubwa ndani mkono ukiingia kutafuta nyaya ni hatari. Kinachotakiwa ni umeme mkubwa ubaki ndani ya adapta iliyofungwa kiwandani, wewe upokee umeme mdogo tu.

Tafuta adapta mbili zinazofanana za volti 19, zile za laptopu au za skrini ndogo za LED. Faida yake ni kwamba nyingi zimeandikwa 100-240V, kwa hiyo 185 yako ya jioni hazitaisikia. Kila adapta ipeleke kwenye 7812 yake. Ndiyo, 7812 zote mbili, huna haja ya 7912. Halafu toleo la chanya la 7812 ya pili liunganishe na graundi ya 7812 ya kwanza. Hapo katikati panakuwa graundi ya sintesaiza yako, juu ni +12 na chini ni -12. Kelele ya kuswichi iliyobaki, 7812 inapunguza sehemu yake, na kabla yake weka koili ndogo au rezista ya ohm 1 ya wati 1 pamoja na kapasita ya 1000 maikrofaradi, mbu wako atapungua sana.

Fundi_Gerezani

Dada Asha umesema vizuri sana ila hapo kuna mtego mmoja lazima niuseme kwa herufi kubwa. ADAPTA ZOTE MBILI LAZIMA ZIWE HAZIJAUNGANISHWA NA ETHI. Adapta nyingi za laptopu zenye waya wa pini tatu, upande hasi wa toleo umeungwa na pini ya ethi kwa ndani. Ukizipanga mbili za hivyo kwa mfululizo, ile graundi ya katikati na -12 zinakutana kupitia ethi ya ukutani, ni shoti moja kwa moja. Na hata ikiwa ya chini peke yake ndo ina ethi, siku ukichomeka mikisa yenye ethi unapiga shoti pale pale.

Kupima ni rahisi, adapta ikiwa haijachomekwa ukutani, multimita weka mlio, ncha moja kwenye pini ya ethi na nyingine kwenye nje ya plagi ya toleo. Ikilia achana nayo. Chukua zile ambazo waya wa kuingilia una tundu la umbo la nane, pini mbili tu, kama za redio. Hizo hazina ethi kabisa.

Ukizigusa unaweza kuhisi mtekenyo kidogo kwenye chuma, hiyo inatokana na kapasita ndogo ya ndani ya adapta, ikishaungwa na mikisa yenye ethi inaisha.

nobu_na_nyaya

Aisee hapa nimejifunza. Nimepima adapta mbili nilizokuwa nazo za pini tatu, zote zinalia. Ningeziunganisha leo hii! Nashukuru sana Fundi. Nitaenda mjini Jumamosi kutafuta za tundu la nane.

Kuna kitu kingine naomba, je joto la 7812 kwa volti 19?

Wambo_254

19 toa 12 ni 7, mara 0.4 ni wati 2.8 kwa kila moja. Bila bati la kupozea itajizima yenyewe kwa joto. Bati la alumini saizi ya kiganja linatosha. Ila kumbuka 7812 mbili zikiwa kwa bati moja, chuma cha nyuma cha moja ni graundi na cha nyingine ni -12 tayari, so tumia mabati mawili au weka maika. Ni ile kitu mzee alisema.

Pia weka dayodi 1N4001 kwa kila toleo, kutoka graundi kwenda +12 na kutoka -12 kwenda graundi, ile mstari mweupe iangalie upande wa volti ya juu. Adapta moja ikichelewa kuwaka au ikikufa, ile ingine haitavuta upande wa mwenzake kinyume.

Na kama unapenda kitu kimya kabisa, kuna betri mbili za UPS za volti 12, 7Ah, zikiwekwa mfululizo na katikati ndio graundi. Hakuna kelele yoyote, nilirekodi nazo wakati stima ilipotea. Shida ni mbili, volti inashuka polepole kutoka karibu 13 hivi noti zinateleza, na betri ikipigwa shoti inatoa moto mbaya kuliko hata hiyo saplai ya kompyuta, kwa hivyo fyuzi iwe hapo hapo kwa mguu wa betri.

asha_wa_munich

Kabla hujaunganisha moduli hata moja, pima bila mzigo, halafu weka mzigo wa bandia. Na plagi za waya bapa, mstari mwekundu ni -12, ndiyo desturi ya Eurorack. Tumia soketi zenye ukuta na pengo ili plagi isiingie kinyume, na kwenye kila moduli weka dayodi mbili za kuzuia kinyume. Chipu inaungua kwa sekunde moja.

Ukitengeneza ile basi ya umeme kwenye veroboard, zile njia za shaba ni nyembamba, lehemu waya mnene wa shaba juu ya njia ya graundi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Moduli zote zinarudisha umeme pale, na kila milivolti inayopotea kwenye graundi utaisikia kwenye noti.

Fundi_Gerezani

Mzigo wa bandia chukua taa ndogo ya gari ya volti 12, wati 5, ile ya pembeni. Inavuta kama ampea 0.4, sawa kabisa na hesabu ya dada Asha. Iache iwake nusu saa kila upande huku umeshika bati uone joto.

nobu_na_nyaya

Wakuu narudi na majibu. Samahani nimechelewa wiki mbili, adapta za tundu la nane zimenisumbua, ya kwanza nimepata kwa fundi wa TV, ya pili ilibidi niagize Dar.

Nimefanya kama mlivyosema. 7812 mbili, mabati mawili, rezista ya ohm 1 na 1000 maikrofaradi kabla yake, dayodi za Wambo, fyuzi ya nusu ampea kila upande. Nimepima moduli zote kwa multimita, jumla ni miliampea 171 upande wa chanya na 158 upande wa hasi, yaani hata 0.3 ya desktopu kwa hesabu ingetosha, kumbe tatizo halikuwa ampea, ni kutikisika.

Taa za gari zimewaka nusu saa, mabati yana joto ila mkono unavumilia. Bila mzigo nilipata +11.96 na -12.05, na taa zikiwaka hazikubadilika hata tarakimu ya mwisho. Jana saa moja usiku nimepima soketi nikakuta 188, nikawasha boksi lote, osileta mbili nimezilinganisha kwa noti moja na kuziacha nikaenda kula. Nimerudi zimeteleza kidogo sana, zinapigana polepole kama mara moja kwa sekunde tatu. LFO inawaka taa yake na noti haistuki.

Mbu amebaki kidogo mno, namsikia tu nikiwa na hedifoni na filta imefunguka yote. Mzee wangu wa Tanga, hiyo transfoma nitakuja kuijenga kwa boksi la pili, ila naomba nije kwako unielekeze kwa macho kabla sijagusa 230.

mzee_wa_transfoma

Marahaba mwanangu, kazi nzuri. Huyo mbu aliyebaki, jaribu kuzisogeza zile adapta mbali na nyaya za sauti, na toleo la kila 7812 weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 karibu kabisa na miguu yake. Ukija Tanga uje na hilo boksi, nataka kulisikia.